Neno *laukaz: kwa nini lök ya Mswidi ni kitunguu, leek ya Mwingereza ni liki, na look ya Mflemi ni kitunguu saumu?

Mchimba Maneno (mleta mada)

Wana jukwaa, heshima kwenu nyote.

Nyuzi nyingi humu zinafuata asili ya maneno ya Kiswahili: Kiarabu kilipita wapi, Kireno kiliacha nini, Kijerumani kilituachiaje shule na hela. Leo naomba tuvuke bahari twende kaskazini mwa Ulaya. Kuna neno moja la bustanini kule ambalo nimelifuatilia kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolichimba ndivyo linavyozidi kuzaa. Ni neno la kale la lugha za Kijerumaniki lililotaja mimea ya jamii ya kitunguu.

Kwanza tuelewane. Nikisema Kijerumaniki sisemi Kijerumani cha Berlin. Nasema ukoo mzima: Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe, Kiaislandi na ndugu zao, kama tunavyosema Kibantu tukiwajumuisha Wazaramo, Wakikuyu na Waganda. Lugha mame ya ukoo huo haikuachiwa maandishi. Wataalamu wameijenga upya kwa kuwalinganisha watoto wake, kazi ileile iliyofanywa kwa Bantu mame. Ndiyo sababu neno lake linaandikwa na kinyota mbele: *laukaz. Kinyota kinasema kwamba umbo hili halijakutwa popote limeandikwa, limefikiwa kwa ulinganisho.

Watoto wake ni hawa. Kiaislandi laukur. Kifaroe leykur. Kinorwe løk, na katika uandishi wa Nynorsk lauk. Kiswidi lök. Kidenmaki løg. Kijerumani Lauch. Kiholanzi look, inayosomwa kwa o ndefu, si kama neno la Kiingereza la kutazama. Kiingereza cha kale lēac, ambacho leo ni leek.

Sauti zimetembea kwa kanuni, hakuna kubahatisha. Ile au ya zamani imekuwa ö kwa Mswidi, oo kwa Mholanzi, ēa kwa Mwingereza wa kale na hatimaye i ndefu ya leek. Ile k ya mwisho kwa Wajerumani imelainika ikawa ch, kama ambavyo book ni Buch, na milk ni Milch. Ukiijua kanuni hiyo, Lauch na leek unaziona ni ndugu hata kama masikio yanakataa.

Lakini si sauti zilizonifanya nifungue uzi. Ni maana. Ingia dukani Stockholm uombe lök, utapewa kitunguu maji. Nenda London uombe leek, utapewa ule mmea mrefu wenye shina jeupe na majani mapana ya kijani, tunaouita liki. Nenda Ghent, upande wa Ubelgiji wanakosema Kiholanzi, uombe look, utapewa kitunguu saumu. Neno moja, baba mmoja, mboga tatu. Ilikuwaje?

Nawaachia kwanza mchangie, kisha nitaeleza ninavyoona.

Mkulima wa Milimani

Mkuu, mimi nipo upande wa Lushoto, liki tunalima na kupeleka Dar. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo neno lina ukoo. Kwa hiyo liki yetu na yenyewe ni mtoto wa hilo laukaz?

Mchimba Maneno

@Mkulima wa Milimani ndiyo, kabisa. Liki ni leek ya Kiingereza iliyopewa irabu ya mwisho ili ikae vizuri mdomoni mwetu. Kwa hiyo *laukaz ina mjukuu anayeuzwa Kariakoo. Wajerumani walikaa milimani kwenu kabla ya Waingereza, tena Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, ila neno lililoshika ni la Kiingereza. Lingetoka kwa Wajerumani lingefanana na Lauch, au na Porree, ambalo nitalifikia.

Ndugu wa Bukavu

Siye huku Bukavu hatusemi liki. Sokoni ni puaro, kwa sababu ya Kifaransa, poireau. Hata Rwanda ng'ambo ya mto ni puwaro. Sasa puaro na liki ni mmea mmoja ama ni miwili?

Mchimba Maneno

@Ndugu wa Bukavu asante sana, umenipa njia ya kuingilia jibu langu.

Mmea ni mmoja. Maneno ndiyo mawili, na yanatoka pande mbili za Ulaya. Puaro ni Kifaransa poireau, nacho chimbuko lake ni Kilatini porrum. Liki ni Kijerumaniki. Warumi walikuwa na majina matatu makubwa bustanini: porrum kwa liki, cepa kwa kitunguu, allium kwa kitunguu saumu. Wajerumaniki wa kale walikuwa na *laukaz, na hilo lilibeba ukoo wote: chochote chenye tunguu au majani ya harufu kali. Ukitaka kutofautisha uliongeza neno mbele.

Tazama Kiingereza cha kale. Gārlēac ni lēac ya mkuki, kwa kuwa gār ni mkuki. Leo ni garlic. Ynnelēac ni kitunguu, ambapo ynne imetoka kwa neno la Kilatini unio. Porlēac ni liki, na por ni porrum ileile. Crāwan lēac ni lēac ya kunguru, ile inayoota yenyewe porini. Kuna brādlēac ya majani mapana, kuna secglēac ya majani kama nyasi za kinamasini. Lēac peke yake ilikuwa karibu na kusema mboga ya bustani. Ushahidi wake ni lēactūn, yaani bustani ya mboga, na lēacweard, mtunza bustani.

Kisha yakaja majina ya wageni, na hapa ndipo ninaposimama: maana ya *laukaz katika kila nchi ilibaki pale ambapo jina la kigeni halikuingia.

Uingereza, kitunguu kilipata jina la Kifaransa baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka nchi, ndilo onion. Kitunguu saumu kilikuwa tayari na jina lake la mkuki. Lēac ikabaki na kitu kimoja tu mkononi, liki. Jina la kutoka porrum lilijaribu kuingia, porret ilikuwepo katika Kiingereza cha zamani, lakini halikufua dafu.

Skandinavia ilikuwa kinyume chake. Hakuna jina la kigeni lililokinyang'anya kitunguu, kwa hiyo lök ikabaki kitunguu. Liki ndiyo iliyohitaji jina, wakaazima porrum: Mdenmaki anasema porre, Mswidi anasema purjolök.

Ujerumani, kitunguu kikawa Zwiebel, kutoka Kilatini cepulla, kitoto cha cepa. Lauch ikabanwa kwenye liki kama Uingereza. Hata hivyo kaskazini mwa Ujerumani wengi wanasema Porree, kusini Lauch, kwa mmea uleule. Uholanzi kitunguu kikawa ui, kutoka unio, liki ikawa prei, kutoka porrum. Look ikabaki na nini? Kitunguu saumu. Ndiyo maana Mflemi anakula lookbrood, mkate wa kitunguu saumu.

Kwa hiyo @Ndugu wa Bukavu, ule ugomvi wa porrum na *laukaz uliogawanya Ulaya umefika hadi Maziwa Makuu. Tanzania liki, Kongo na Rwanda puaro. Kilichoamua ni nani alitawala wapi.

Mama wa Göteborg

Habari zenu. Nipo Uswidi miaka mingi, naomba nithibitishe na kuongeza. Huku lök imeshika kila kitu. Kitunguu cha rangi ya zambarau ni rödlök, lök nyekundu. Kitunguu saumu ni vitlök, lök nyeupe. Vile vijani vyembamba vya kunyunyizia kwenye viazi ni gräslök, lök ya majani. Hata tunguu la ua la kupanda ni blomsterlök, na yale makuba ya makanisa ya Kirusi yanaitwa lökkupol.

Ila jihadharini mkivuka kwenda Denmark. Ukiona purløg usidhani ni purjolök. Maneno ni yaleyale mawili yameunganishwa, porrum na laukaz, lakini Kidenmaki purløg ni vile vijani vyembamba. Liki yao ni porre. Mimi nilifika nyumbani na kitu nisichokikusudia.

Mchimba Maneno

@Mama wa Göteborg nashukuru sana mama, huo mfano ni wa dhahabu. Porlēac ya Kiingereza cha kale, purjolök ya Kiswidi na purløg ya Kidenmaki ni muundo mmoja, na maana imeshatawanyika. Ndivyo jina la jumla linavyofanya likikutana na mboga nyingi zinazofanana.

Niongeze lingine la kwenu, taklök, lök ya paa. Hiyo si kitunguu hata kidogo. Ni mmea wa majani manene yenye maji, Sempervivum tectorum, ambao Wazungu waliupanda juu ya mapaa wakiamini unazuia radi. Waingereza wanauita houseleek, Wadenmaki husløg. Imani hiyo ni ya kale: ile amri ya mashamba ya mfalme inayoitwa Capitulare de villis, ya enzi za Charlemagne, karibu mwaka 800, inaorodhesha mimea ya bustani kisha inamtaka mtunza bustani awe na mmea huo juu ya nyumba yake. Kwa Kilatini wanauita ndevu za Jupita, mungu wa radi. Kwa nini uliitwa leek? Kwa sababu lēac ilikuwa pana kiasi hicho, ilipokea hata mmea usio wa ukoo.

Msomaji wa Usiku

Darsa zuri. Ila mleta mada umeruka swali la kwanza kabisa. Hiyo laukaz yenyewe ilitoka wapi? Kila neno lina mzazi.

Mchimba Maneno

@Msomaji wa Usiku swali la haki, nami sitakuzungusha. Hapa wataalamu hawakubaliani.

Kundi moja linaiunganisha na mzizi wa Kihindi-Kiulaya (ukoo mkubwa zaidi unaobeba Kijerumaniki, Kilatini, Kigiriki, Kirusi na wengine) wenye maana ya kupinda au kukunja, uleule unaotajwa kwa Kijerumani Locke, shungi la nywele, na lock ya Kiingereza yenye maana hiyo. Hoja yao ni kwamba majani ya liki yanapinda na kuning'inia. Kundi la pili linasema hapana: neno halina ndugu wa uhakika nje ya Kijerumaniki, kwa hiyo inawezekana liliokotwa kwa wakulima waliokuwa Ulaya kaskazini kabla lugha za Kihindi-Kiulaya hazijafika. Mimi naegemea la pili. Hoja ya kupinda ni nyepesi mno, majani ya mimea mingi yanapinda.

Linganisha na jina jingine la jamii hiihii, *hramsô, ambalo kwa Kiingereza ni ramsons, kitunguu saumu cha msituni. Hilo lina ndugu kila upande: Kigiriki krommyon, Kilithuania kermušė, Kirusi cheremsha, Kiirelandi creamh. Hilo ndilo neno la urithi hasa. *Laukaz haina jamaa wa namna hiyo. Na Waswidi wameyafunga pamoja yote mawili: ramslök.

Wajerumani huo mmea wa msituni wanauita Bärlauch, lauch ya dubu.

Mgeni Jukwaani

Samahani naingilia. Kirusi kitunguu ni luk. Nilisoma Moscow, nimekula luk sana. Hilo nalo ni jamaa, ama ni bahati tu?

Mchimba Maneno

@Mgeni Jukwaani hapo umegusa penyewe. Si bahati. Ila halikurithiwa, liliazimwa. Waslavi wa kale walilichukua kwa Wajerumaniki, na tunajua lilichukuliwa mapema kwa sababu au yake iligeuka u pamoja na maneno mengine ya Kislavi yenye au. Lingekuja baadaye, lisingepita kwenye geuzo hilo. Lilikuja katika mzigo mmoja na maneno kama khleb, mkate, lililotoka kwa *hlaibaz, yule mzazi wa loaf ya Kiingereza.

Leo luk ipo Kirusi, Kibulgaria, Kiserbia, Kikroatia. Waserbia wana crni luk, luk nyeusi, ambayo ni kitunguu cha kawaida, na beli luk, luk nyeupe, ambayo ni kitunguu saumu. Umeona? Nyeupe kwa kitunguu saumu, kama Waswidi. Warusi wana pia lukovitsa, tunguu la mmea wowote.

Onyo dogo: Kirusi kina luk nyingine, upinde wa kurushia mishale. Hiyo ni ya Kislavi chenyewe na haina undugu na kitunguu.

Wafini nao waliazima wakabaki na laukka, ambayo imeihifadhi ile au karibu kama ilivyokuwa. Kwao leo kitunguu ni sipuli, lakini vile vijani vyembamba ni ruoholaukka. Waestonia wana lauk, na kitunguu saumu wanakiita küüslauk, lauk ya kucha, kwa umbo la punje zake. Walatvia wana ķiploks, iliyokuja na Wajerumani wa pwani ya Baltiki. Na Waselti waliokuwa jirani na Waingereza waliichukua gārlēac nzimanzima: Kiwelishi garlleg, Kiirelandi gairleog.

Mwalimu wa Kijerumani

Nimefundisha Kijerumani kwa muda na kila mwaka mwanafunzi huniuliza kuhusu Knoblauch. Lauch wanaiona, ila Knob inawasumbua. Naomba nieleze ili mleta mada apumzike.

Umbo la kale, Kijerumani cha juu cha zamani, lilikuwa klobalouh. Sehemu ya kwanza ina ukoo na kupasua: kile kitu kilichopasuka vipande, yaani kichwa cha kitunguu saumu chenye punje. Kiingereza kina clove ya kitunguu saumu kutoka mzizi huohuo, na cleave, kupasua. Tatizo likawa l mbili katika neno moja fupi, klo na lou. Ulimi ukachoka, l ya kwanza ikageuka n. Uholanzi ilitokea hivyohivyo, knoflook.

Kwa hiyo majirani wawili walitazama mmea mmoja wakaona vitu viwili. Mwingereza aliona ncha ya mkuki. Mjerumani aliona kitu kilichopasuka.

Mchimba Maneno

@Mwalimu wa Kijerumani asante sana mwalimu. Na tazameni kilichofuata. Wayahudi wa Ulaya mashariki wanaosema Kiyidi walilifupisha likawa knobl. Makaburu Afrika Kusini wanasema knoffel. Katika yote mawili *laukaz imeliwa, kimebaki kile cha kupasuka tu. Mtu anayeuza knoffel Pretoria ana neno la kitunguu ambalo ndani yake jina la kitunguu halimo tena.

Kijana wa Eastlands

Naskia kitabu cha dawa cha Waingereza wa zamani kinaitwa Leechbook. Hiyo leech si ni leek tu, juu walikuwa wanatibu na hizo mboga?

Mchimba Maneno

@Kijana wa Eastlands swali zuri ndugu yangu, lakini jibu ni hapana. Leech hapo ni lǣce, tabibu. Ukoo wake ni mwingine: Kiswidi läkare, daktari. Waslavi waliliazima nalo, ndipo Kirusi kikapata lekarstvo, dawa. Kwa masikio yanakaribiana, kwa asili hayakutani. Hali kadhalika hemlock: umbo la kale ni hymlic, na ile lic si lēac.

Lakini umenipeleka pazuri, kwa sababu hicho kitabu, Bald's Leechbook, kina jambo linalogusa neno letu moja kwa moja. Ni mswada wa karne ya 10, upo British Library. Ndani yake kuna dawa ya macho: twanga cropleac na gārlēac kiasi sawa, ongeza divai na nyongo ya ng'ombe dume kiasi sawa, acha katika chombo cha shaba siku 9, chuja kwa kitambaa, upake usiku kwa unyoya.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, wakiongozwa na mwanabiolojia Freya Harrison pamoja na Christina Lee, mtaalamu wa maandiko ya kale, waliitengeneza upya kwa kuifuata hatua kwa hatua. Ikaua MRSA, yule bakteria sugu anayezisumbua hospitali. Na kiungo kimoja kimoja peke yake hakikufikia nguvu ya mchanganyiko mzima.

Sasa sikilizeni. Gārlēac walijua ni kitunguu saumu. Cropleac je? Kamusi haziamui. Inaweza kuwa kitunguu, inaweza kuwa liki. Wakalazimika kutengeneza aina mbili, moja ya kitunguu na moja ya liki. Upana wa neno la kale ukawa swali la maabara miaka elfu moja baadaye. Hapo ndipo niliposadiki kwamba kazi ya asili ya maneno si ya kupitisha muda. (Tafadhali, msijipake machoni mchanganyiko wa nyumbani. Wao walifanya kwenye maabara, si kwenye jicho la mtu.)

Bibi Mchuzi

Wanangu, mimi mengine siyajui, lakini kitunguu saumu kwetu pwani ni dawa na ni kinga pia. Je, hao watu wa kaskazini nao walikuwa na imani, au kwao ilikuwa chakula tu?

Mchimba Maneno

Shikamoo bibi. Walikuwa nazo, na huenda neno hili lilianza kuandikwa kwa sababu ya imani kabla ya jiko.

Nilisema *laukaz haijakutwa imeandikwa. Lakini mtoto wake wa kwanza amekutwa: laukaR, kwa herufi za runi, zile za kuchonga zilizotumika Skandinavia. Kuna vidani vya dhahabu vya karne ya 5 na ya 6, vyembamba, vya kuning'iniza shingoni, na baadhi vimeandikwa neno hilo. Kidani cha Skrydstrup, Denmark, kina picha ya mtu na wanyama na maneno mawili: laukaR na alu. Hilo la pili linaonekana mara nyingi kwenye vitu vya kinga. Mtu havai dhahabu shingoni imeandikwa jina la mboga ili akumbuke kununua mboga. Walilivaa neno kwa ajili ya kinga na ustawi.

Kuna cha zamani zaidi. Fløksand, magharibi mwa Norwe, katika kaburi la mwanamke kulikutwa kisu cha mfupa cha karne ya 4, kimechongwa lina laukaR, kitani na kitunguu. Karne nyingi baadaye, katika Kiaislandi cha kale, kuna masimulizi ya familia ya shamba iliyokiheshimu kitu kitakatifu kilichofungwa kwa kitani na kuhifadhiwa kwa vitunguu. Maneno mawili yaleyale, lín na laukr, yakiwa pamoja. Nikiwekea kisu na masimulizi ubavu kwa ubavu naona desturi moja ya wanawake wa shambani iliyodumu muda mrefu sana.

Katika mashairi ya kale ya Kiaislandi neno linakuja mahali pa heshima. Völuspá inapoeleza ulimwengu ulivyoanza, jua linaangaza kutoka kusini, kisha ardhi inaota: þá var grund gróin grænum lauki, ardhi ikaota laukr ya kijani. Katika shairi jingine shujaa anafundishwa kutia laukr kwenye kinywaji ili kujikinga na hila. Na Guðrún anapomlilia mumewe Sigurðr anasema alikuwa kati ya ndugu wa Guðrún kama geirlaukr iliyoota juu ya nyasi. Geirlaukr ni pacha wa garlic: geir ni mkuki, laukr ni lēac. Mpaka leo Kiaislandi mtu bora wa familia huitwa laukur ættarinnar, laukur ya ukoo. Mjane anamsifu marehemu kwa kumwita kitunguu saumu, na hakuna aliyecheka, maana neno lilikuwa na hadhi hiyo.

Na dawa bibi, ngoja nikupe hii. Vita vya Stiklestad, Norwe, mwaka 1030, vilivyomuua mfalme Olav. Snorri Sturluson, mwandishi wa historia wa Aislandi, anaeleza kwamba baada ya vita mwanamke mganga alikuwa na chungu cha mawe, amechemsha laukr na majani mengine. Aliwalisha majeruhi. Kisha alinusa jeraha la tumboni. Harufu ya laukr ikitoka kwenye jeraha, alijua silaha imefika ndani, utumbo umetoboka. Mshairi Þormóðr, mwenye mshale mwilini, alipopewa alikataa, akasema hana ugonjwa wa uji. Huyo mganga alitumia harufu ya kitunguu kama sisi tunavyotumia picha ya eksirei.

Bibi Mchuzi

Marahaba mwanangu. Huyo mganga alikuwa na akili. Mungu awarehemu.

Ndugu wa Bukavu

Na majina ya mahali? Kwetu mahali pengi panaitwa kwa mimea.

Mchimba Maneno

Yapo. Leighton, kama Leighton Buzzard katika Bedfordshire, ni lēactūn ileile, bustani ya mboga. Laughton mara nyingi ni hivyohivyo. Leckhampton karibu na Cheltenham ni makazi ya mahali palipolimwa lēac. Wengi wenye jina la ukoo Leighton wamebeba shamba la mboga bila kulijua.

Msomaji wa Usiku

La mwisho kwangu. Umetaja Waingereza, Wajerumani, Waskandinavia. Wagothi je? Si ndio walioacha maandishi marefu ya mapema kuliko wote, Biblia ya karne ya 4?

Mchimba Maneno

@Msomaji wa Usiku umekaa macho kweli. Wagothi walikuwa na Biblia ya askofu Wulfila, lakini mengi yaliyobaki ni Injili na nyaraka za Paulo. Agano la Kale karibu lote limepotea, vimebaki vipande vya Nehemia. Na neno letu lingepatikana hasa katika Hesabu 11:5, pale Waisraeli jangwani wanapokumbuka chakula cha Misri. Kwa hiyo umbo la Kigothi hatunalo.

Lakini mstari huohuo ukiufungua katika lugha zilizobaki unaona kila nilichoeleza humu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina leeks, kisha onions, kisha garlick: *laukaz, jina la kigeni, *laukaz tena na mkuki wake. Luther ana Lauch, Zwiebeln, Knoblauch: mpangilio uleule, jina la kigeni katikati. Biblia ya Kiswidi ya mwaka 1917 ina purjolöken, rödlöken, vitlöken, mboga tatu kwa mfululizo, zote tatu ni lök.

Kesho nikipata nafasi nitaleta orodha ya majina ya Kibantu ya vitunguu vya porini. Wenye maneno ya kwao, wekeni hapa na mtaje ni ya wapi.